Kanuni ya Arobaini na Mbili

Pale hospitalini walimwita Komeo, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kulinda mtandao, na daktari yeyote aliyetaka kuangalia mpira saa za kazi alikuta njia imefungwa. "Komeo keshabana!" walisema wakicheka, naye akicheka nao.

Wiki hiyo hakucheka. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa jengo la pili, wodi ya kutengwa, kifua kinachoambukiza. Ndugu hawaingii, na simu za wagonjwa zinaachwa mapokezi. Badala yake kila kitanda kilipewa kishikwambi kipya: mgonjwa anabonyeza picha ya mtu wake, wanaonana, wanaongea. Ila kupiga ni kutoka ndani tu. Aliye nje kazi yake kusubiri.

Vishikwambi hivyo vilihitaji kufunguliwa njia kwenye fayawoli, ile mashine inayokaa kati ya mtandao wa hospitali na dunia. Fayawoli haibembelezwi. Ina orodha ya kanuni, na kila kinachotaka kupita hulinganishwa na kanuni ya kwanza, kisha ya pili, hivyo hivyo kushuka. Kanuni ya kwanza inayokihusu ndiyo inayokata shauri. Zilizo chini yake hata hazitazamwi. Na mkiani hukaa kanuni moja katili: chochote kilichobaki, zuia.

Komeo alikuwa akiwafundisha wenzake mambo haya. Jumatatu, mawazo yote yakiwa wodini, aliandika kanuni ya kuruhusu vishikwambi, akahifadhi. Mashine, kwa kawaida yake, ikaiweka chini kabisa, ya arobaini na mbili. Ile katili ilikuwa ya arobaini na moja. Alitakiwa kuivuta yake juu hatua moja tu, na hakuivuta. Akajaribu kupiga kutoka kompyuta yake mwenyewe, simu ikaita, akaridhika. Kumbe kompyuta ya fundi ina kanuni yake huko juu, namba mbili, inayoipitisha popote! Miaka kumi na moja kazini, mtu mzima na akili zake. Kinyozi hajinyoi, tumesikia, lakini huyu alijikata shingo.

Akasubiri simu. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Alipowapigia wodini, sista alimjibu, "Mama anaendelea, dada, sasa hivi amelala." Jumatano akaanza kuamini mama amenuna. Yeye Komeo ndiye aliyemtoa nyumbani kwa nguvu, mama akishikilia fremu ya mlango na kusema hataki kufia kwa watu. "Ana haki," aliwaza, na kila usiku alilala na simu kifuani.

Ijumaa asubuhi, seremala mmoja aliingia ofisini bila hodi. Mkewe alikuwa kitanda cha tatu, wodi ileile.

"Wewe ndiye fundi wa mitandao? Mke wangu kaandika karatasi, sista kanisomea dirishani. Anauliza amenikosea nini. Eti kila akipiga, kinaandika sipatikani. Dada, mimi simu hii hata bafuni naingia nayo!"

Komeo aligeukia kompyuta. Alifungua orodha ya kanuni, akateremka hadi chini, akaiona. Akaivuta juu hatua moja, akahifadhi. Haikuchukua hata dakika.

"Nenda kasubiri simu, kaka," alisema.

Seremala alipotoka, alifungua kumbukumbu za fayawoli. Mashine ile haizuii kitu bila kukiandika. Akatafuta kitanda cha saba, cha mama yake. Jumatatu, majaribio manne, yote yamezuiwa. Jumanne tisa. Jumatano ishirini na mawili, mengine yakiachana kwa dakika moja moja, mama akibonyeza picha ya mwanawe, akisoma kwamba hapatikani, akibonyeza tena. Alhamisi mawili tu, la mwisho saa sita mchana. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Alipiga wodini.

"Sista, sasa vinafanya kazi. Naomba umsaidie mama yangu anipigie. Kitanda cha saba."

"Dada, nilikuwa nakutafuta. Alizidiwa alfajiri, tumemweka kwenye mashine ya kupumulia. Hawezi kuongea. Lakini nitakupigia, umwone."

Simu iliita mara moja. Picha ilikuja safi kabisa, haikukatika hata kidogo: mpira wa hewa mdomoni, macho yamefumbwa, mvi zimelalia mto.

"Ongea naye, huenda anasikia," sista alisema kwa upole. "Jana alitaka kuzimiwa kishikwambi. Alisema mwanangu ana kazi nyingi, nisimsumbue."

Komeo alikuwa na maneno ya siku tano, ya kuomba radhi, ya kumwambia watarudi nyumbani. Yote yalimpotea. Aliisogeza simu karibu na mdomo, machozi yakidondokea kioo.

"Mama," alisema, "haikuita. Nakuapia, mama, simu haikuita hata mara moja."

Kifua cha mama kilipanda na kushuka kama mashine ilivyopangiwa, na sista akakishikilia kishikwambi mpaka mkono ukamchoka.