Nukta Kwenye Bendera

Wapiganaji walipotangaza kwamba kuanzia mtoni hadi barabara kuu ni nchi yao, na kwamba Mungu atasikilizwa kupitia vinywa vyao tu, walituletea majora ya kitambaa cheusi tuwashonee bendera. Baba Pacha, mume wangu, ni fundi cherehani, mimi hudarizi. Maneno matakatifu ya bendera siwezi kuyasoma. Nilifuata kielelezo tu.

Bendera ya kwanza ilikuwa imeshapandishwa penye njia panda Baba Pacha alipogundua kwamba niliruka nukta.

"Bila nukta hii neno linakuwa tusi," alisema, akinionyesha kielelezo.

Siku iliyopita walikuwa wamempiga risasi muuza mikate kwa kucheka wakipita.

"Tunyamaze," akasema. "Nani atatazama juu?"

"Atakayetazama hatatuuliza mara mbili," nikamjibu, nikachukua sindano.

Nilikwenda hadi njia panda. Mlinzi alikuwa amejifunika uso, lakini alipokohoa nikamjua: Kinyozi, aliyekuwa akiwanyoa wanangu pacha barazani huku akiwavunja mbavu kwa vichekesho.

"Kaka, pindo la bendera limefumuka. Nishushie nilishone, upepo usije ukaichana."

"Mbona unatetemeka?"

"Njaa, kaka."

Akaishusha. Nilikaa ukingoni mwa barabara, mgongo kwa wapita njia, nikaitia ile nukta, kisha nikapitisha uzi kwenye pindo lililokuwa zima. Nilijichoma vidole, wala sikusikia maumivu. Akaipandisha tena.

Nilipogeuka kuondoka, akasema polepole, "Mama Pacha, nukta umeikaza vizuri?"

Nikaichomeka sindano kwenye kanga yangu.

"Jioni mkubwa anakuja kukagua. Atauliza kwa nini bendera ilishushwa. Sijui nitamjibu nini."

Sikukimbia, anayekimbia hufuatwa. Nilipoingia ndani nilimwambia Baba Pacha tunaondoka. Tuliwashika watoto mkono, tukaacha sufuria jikoni na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano ya cherehani. Kwenye kizuizi cha mwisho nilisema tunakwenda msibani, nikalia. Machozi hayakuwa ya kuigiza. Wakatupisha.

Mpaka leo sijui Kinyozi alijibu nini, wala kama yu hai. Huku tulikohamia Baba Pacha anashona sare za shule. Mlango ukigongwa, mguu wake unasimama kwenye kanyagio, na hashoni tena mpaka nimwambie ni nani.