Kilo Tatu za Sanduku la Dawa

Nesi mstaafu alifika kwa fundi mabegi akiburuta gunia, na shida yake ilikuwa moja: alitaka begi la mgongoni lililo kubwa kuliko yote pale dukani. Jumamosi angepanda mlima na wenzake tisa. Kiongozi wa safari alishasema, kila mtu abebe mzigo wake, na ukizidi kilo nane, mwenyewe abaki nyumbani. Mwaka jana waliishia kambi ya kwanza. Akiukosa mlima safari hii, magoti yake hayangemsubiri mwaka mwingine, na hilo lilimnyima raha.

"Begi baadaye, dada yangu," fundi alisema. "Kwanza tupande ngazi."

Fundi huyu naye alikuwa na mambo yake. Hakuuzii begi mpaka upande ghorofa nne za jengo lile, vitu vyako vyote vikiwa mgongoni ndani ya gunia. Ukichoka, unatoa kitu. Unachokitoa, anakibeba yeye. Watu walimcheka sana, lakini hakuna aliyewahi kumrudishia begi.

Ghorofa ya kwanza nesi alitoa sufuria. Ya pili, viatu vya akiba, blanketi la pili na tochi kubwa kama ya mlinzi. Fundi alivipokea, akajitwisha. Ghorofa ya tatu nesi akasimama, akasikia pumzi za mwenzake nyuma yake. Miaka thelathini na mbili alikuwa akisikiliza vifua vya watu. Alijua kabisa kwamba mzee wa watu anaumia na hasemi, akamheshimu papo hapo.

"Lete nikusaidie, fundi."

"Unisaidie kubeba vitu vyako?"

Nesi alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Gunia bado lilikuwa zito, maana ndani mlikuwa na sanduku la dawa, kilo tatu na ushei.

"Hili silitoi ng'o."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna. Je, akitokea?"

"Mwaka jana alitokea?"

Aibu ilimpanda nesi hadi masikioni.

"Alitokea," alisema. "Alikuwa mimi. Magoti yaligoma chini ya sanduku hilihili. Watu tisa wakakatisha safari, wakanishusha, na sanduku lenyewe wakanishushia. Hakuna aliyelifungua."

Fundi hakumsimanga. Alitua mzigo, akakaa ngazi moja chini yake.

"Hao tisa hawana migongo?"

Basi wakalifungua palepale. Nesi akagawa mafungu tisa bila kuandika popote: huyu visigino humchubuka, huyu kichwa humgonga akipanda juu, na yule mwenzao mwalimu, kifundo chake hakikawii kuteguka. Fundi aliacha kushika chochote, akabaki kumwangalia tu. Alikuwa hajaona mtu anayewajua wenzake namna ile.

Waliposhuka, fundi alitungua begi dogo, akapanga humo vitu vilivyobaki, akamkaza nesi mkanda wa kiunoni. Mizani ikasoma kilo saba na nusu.

Siku ya tatu asubuhi walifika kileleni, wote kumi. Mwalimu aliketi juu ya jiwe, akatoa bandeji yake na kujifunga kifundo mwenyewe, upande, vibaya kupita maelezo. Nesi alimtazama, mikono ikamuwasha. Akaitia mfukoni, akageuka kutazama mawingu yaliyokuwa chini yake.