Nitakatwa Ini, Alhamdulillahi

Nitakatwa. Nimemwambia kila jirani wa uchochoro wetu hapa Mji wa Kale, mpaka muuza viazi karai, nao wananitazama kama niliyepungukiwa na akili. Nani hufurahia kupasuliwa? Mimi.

Ini la Baba limesinyaa. Madaktari wamesema asipopata kipande cha ini la mtu mwengine, hatufiki naye mbali. Kakangu Arsalan alijitolea kwanza, lakini damu yake haikuingiana na ya Baba. Yangu ikaingiana. Basi nikabaki mimi tu.

Nikatolewa damu, nikatia na mkojo kwenye kikopo, ijulikane kama ini langu lenyewe ni zima. Majibu yakaja mabaya. Vimeng'enya, vile vinavyovujia kwenye damu ini likiumia, vilikuwa juu. Daktari Mutanu akasema tungoje kidogo, tupime tena.

Fui Khatoon, dadake Baba, ndiye hakungoja. Tangu nilipojitolea alikuwa akinichemshia subili na majani asiyotaka kuyataja, eti ndugu yake apewe ini lililosafishwa. Aliposikia yale majibu, kikombe changu cha asubuhi kikawa bilauri nzima, asubuhi na jioni. Uchungu wake haneni mtu, lakini nilimeza. Kwa Baba ningemeza hata makaa.

Tukapima tena. Vimepanda zaidi.

Nililia mbele ya daktari bila haya. Akaniacha nilie nimalize, kisha akauliza ninatumia dawa gani. Nikamwambia situmii dawa yoyote, nanywa ile ya Fui tu, ya kusafisha ini.

"Hiyo ndiyo inayoliumiza," akasema. "Acha leo."

Kumwambia Fui kuliniuma kuliko sindano. Alibeba sufuria, akamwaga yote kwenye karo, akaisugua kwa jivu mpaka ikang'ara, halafu akaingia chumbani akafunga mlango. Siku zilizofuata alinipa maji matupu, tena yeye mwenyewe akiyaonja kwanza.

Leo asubuhi nimepimwa tena. Damu safi, mkojo safi, na daktari ametoa ruhusa. Sikungoja tuktuk. Nilikwenda mbio, pindo la buibui mkononi, mpaka dukani kwetu Biashara Street. Baba alikuwa amekaa kati ya leso, macho manjano, yuwakunja moja polepole. Fui alikuwa nyuma ya kaunta. Nikawaambia tunaenda India kupasuliwa.

Baba aliiweka ile leso chini.

"Na kovu, Saliha? Nani atakuoa na kovu tumboni?"

"Atakayenioa ataoa na kovu lake, Baba."

"Kwani mume aoa tumbo?" Fui akadakia, na machozi yanamtoka. "Mbona wewe mkeo alikukubali na kitambi?"

Baba akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniambia nishushe mlango wa duka, twende nyumbani tukatafute pasipoti.