Ufunguo kwa Mtani

Waliokuwapo katika maktaba ya shule yetu siku ya kuondoa matanga walikuwa hawa: Mwalimu Nikolaus, mkuu wa shule, Mzee Tomasi, mwenyekiti wa kijiji, Bibi Mwamvua binti Mwinshehe pamoja na wanakisomo wenzake, wanawake kwa wanaume, walioketi mikekani hadi kizingitini, mimi Odilia, mwalimu wa darasa la tatu, na mfiwa mwenyewe, Mwalimu Kornelio Mihayo, mtunza maktaba. Ndugu wa damu wa marehemu, mbali na mfiwa, hakuwapo hata mmoja.

Sote tulikuwa tukingoja neno moja kutoka kwake. Barua ya uhamisho wake ilikuwa imekwisha kufika kutoka Kilosa, ikimruhusu kurudi kufundisha kwao Tabora, naye alitakiwa aijibu kabla ya muhula kwisha. Akienda, maktaba ingefungwa. Mkaguzi alikuwa ametuambia wazi kwamba vitabu havitaachwa mahali pasipo na mtu aliyefunzwa kuvitunza. Vitatiwa masandukuni na kupelekwa mjini. Kwa watu wazima waliokuwa wametoka tu kufaulu mtihani wa kisomo, ambao nyumbani hawakuwa na karatasi yenye maandishi isipokuwa ile iliyofungiwa chumvi, hilo lilikuwa sawa na kufundishwa kuogelea kisha mto ukahamishwa.

Maktaba yetu ilikuwa ofisi ya zamani ya shamba la mkonge, upande wa Rudewa. Mashine za mkonge ziliponyamaza, kijiji cha ujamaa kilipewa jengo lile, nacho kikaipa shule. Mwalimu Kornelio aliletwa kwetu kutoka Mikumi, alikokuwa amefundisha kwa muda mfupi, kwa kuwa ndiye aliyejifunza utunzaji wa vitabu alipokuwa chuoni. Alivikuta vimerundikwa sakafuni pamoja na makopo ya rangi. Akavipangusa kimoja kimoja, akavijalidi kwa karatasi za mifuko ya saruji, akavitia namba za rangi nyeupe. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Mlangoni aliweka karai la maji, na asiyenawa mikono hakuingia. Ukutani alibandika kanuni, na ya kwanza ilikuwa neno moja tu: Kimya.

Mwenyewe alilala katika chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya kamba. Nyumba yangu ilitazamana na chumba hicho, hivyo nilimwona kila jioni akiinjika sufuria yake ndogo, akila amesimama mlangoni kama mtu anayengojwa mahali, kisha akirudi ndani kupanga upya vitabu ambavyo hakuna aliyevigusa. Nilipompelekea mboga alishukuru kwa maneno yaliyokamilika, na kesho yake akanirudishia bakuli lililooshwa likang'aa. Mazungumzo yetu yaliishia kwenye bakuli.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Majuma ya kwanza wanakisomo walimiminika pale kila alasiri, wakisomeana kwa sauti na kubishana kuhusu mbolea. Miongoni mwao alikuwa Bibi Mwamvua, mkulima wa mpunga, mjane, ambaye hata Mzee Tomasi hakuthubutu kumkatiza anapozungumza. Siku moja Mwalimu Kornelio alimwamkia shikamoo kwa adabu, naye baada ya kuitikia marahaba akamwuliza kwao ni wapi. Akajibu kwamba ni Tabora, na kwamba yeye ni Mnyamwezi.

Uso wa Bibi Mwamvua ukachangamka. Akauchukua ufunguo wa maktaba uliokuwa juu ya meza, akaufunga katika pindo la kanga, kisha akapaza sauti hadi watoto wakachungulia madirishani.

"Kumbe ni mtumwa wangu! Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu vichwani, wakatuchimbia mihogo yetu. Leo umerudi kunifungia mlango? Ufunguo huu ukiutaka, ukomboe."

Waliokuwapo walicheka, kwa maana walilijua jambo lile. Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukunyang'anya kitu na kukutukana mbele za watu. Nawe unamjibu kwa tusi kali zaidi, au unakikomboa kitu chako kwa chochote ulicho nacho, hata konzi ya karanga, na tangu hapo una ndugu. Bibi Mwamvua alikuwa amempa mgeni ukoo.

Mwalimu Kornelio hakucheka. Alinyoosha mkono, akasema kwamba ufunguo ni mali ya umma. Alipoona haurudishwi, alimtuma mtoto amwite Mwalimu Nikolaus. Mkuu wa shule alifika, akasimama katikati yao akijikuna kidevu, na Bibi Mwamvua akafungua pindo polepole, akauweka ufunguo mezani. Akazuiwa kuazima vitabu hadi mwisho wa muhula.

Sisi tulidhani amekataa utani, na kukataa utani ni kukataa watu. Mwalimu Nikolaus, ambaye ni Mkaguru wa milimani na anayajua mambo haya, aliniambia baadaye kwamba hakumweleza chochote kwa sababu hakuna Mnyamwezi anayehitaji kuelezwa. Hatukujua kwamba Kornelio alipelekwa bweni la misheni akiwa mdogo, akatoka bweni moja na kuingia bweni jingine hadi chuoni, na kwamba utani kwake ulikuwa habari za wazee zilizosimuliwa wakati wa likizo. Yeye aliamini kuwa tunamdharau kwa ugeni wake, nasi tuliamini kuwa anatudharau kwa usomi wake. Maktaba ikatulia, kama kanuni ya ukutani ilivyotaka. Watu walifika, wakanawa, wakaazima, wakaenda zao. Bibi Mwamvua, hata muhula ulipokwisha, hakufika tena. Vitabu aliazimiwa na jirani yake.

Hapo ndipo Mwalimu Kornelio alipoomba uhamisho. Sababu aliyoiandika ilikuwa mama yake. Alikuwa mtoto wake wa pekee, na mama alikuwa akipoteza nuru ya macho. Kila barua kutoka nyumbani iliuliza jambo lile lile: unarudi lini? Jibu la wilaya lilichukua muda mrefu, na lilipofika alifurahi kwa namna yake. Alikata kucha, akanyoa ndevu, akaanza kuweka nguo zake sandukuni kwa mpangilio.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Nikolaus alirudi kutoka Kilosa na simu ya maandishi. Mama wa Kornelio alikuwa amefariki, na kwa kuwa simu ilichelewa njiani, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nilikuwapo alipoisoma. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaendelea kubandika karatasi kwenye jalada la kitabu cha jiografia. Mwalimu Nikolaus alimwomba apumzike, akajibu kwamba gundi ingeganda. Baada ya mkuu wa shule kuondoka nilimwuliza niwaite akina nani, nani apewe habari. Alifikiri kwa uangalifu, kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu.

"Mwalimu Odilia," akasema, "huku sina mtu. Na sasa kule pia sina mtu. Utamwita nani?"

Nilikwenda kwangu, nikaketi barazani nikiutazama mlango wake. Hakuwasha moto jioni ile. Aliwasha taa ya maktaba, na kivuli chake kikawa kinapita dirishani, kinarudi, kinapita.

Asubuhi nilitoka ibadani nikakuta zogo uwanjani. Bibi Mwamvua alikuwa anakuja na nusu ya darasa lake la kisomo. Alikuwa amevaa gunia juu ya kanga, amejipaka majivu usoni, na kichwani amebeba kreti tupu la soda kama mpagazi, akichechemea kwa kuugulia mzigo usiokuwapo. Nyuma yake walikuja wanawake wenye unga, kunde, kuni na mikeka. Nilimkimbilia nikamwuliza nani amemwita, kwa kuwa niliogopa mfiwa atamfukuza mara ya pili.

"Mtani haalikwi msibani, mwanangu," akanijibu bila kupunguza mwendo. "Hata umtimue, kwenye msiba anakuja. Akigombana nami, atagombana nami matanga yakiisha."

Karai la kunawia alilipita bila kulitazama. Aliingia na majivu yake, akatua kreti juu ya meza iliyopangwa vizuri, akaketi kwenye kiti cha mtunza maktaba. Mwalimu Kornelio alikuwa amesimama kati ya makabati mawili na kitabu mkononi. Bibi Mwamvua akakunja uso, akainua kidole, akamwiga vile vile alivyo.

"Nani anapumua humu? Kupumua ni nje. Umenawa? Pua nayo umeinawa?"

Wanakisomo walizuia kicheko kwa viganja, wakimtazama mfiwa. Yeye alikitazama kiti chake. Nadhani ndipo alipoanza kukumbuka jambo alilowahi kuliona utotoni, mtu mwenye majivu usoni katika ua wa nyumba yenye msiba. Lakini hilo ni wazo langu tu, hakuwahi kuniambia. Bibi Mwamvua aliinuka, akauendea mlango, akauchomoa ufunguo wa maktaba uliokuwa ukining'inia kitasani, akaufunga katika pindo lile lile.

Hapo kicheko kilikatika. Kila mmoja wetu aliikumbuka siku ile. Mwalimu Kornelio akakiweka kitabu mahali pake, akakisawazisha kwa kidole kilingane na vingine. Kisha akasema, kwa sauti iliyokuwa na kutu ya kutotumika:

"Nilijua. Msagara hawezi kuja msibani bila kuiba."

Sijapata kusikia jengo lile likicheka namna hiyo. Bibi Mwamvua alipiga paja, akajirusha mkekani, akagaagaa akiomboleza kwamba ametukanwa na mbeba mizigo. Katikati ya kicheko hicho Mwalimu Kornelio aliketi chini, akaegemeza mgongo kwenye kabati la hadithi, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, chini ya karatasi yake iliyoandikwa Kimya, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipotulia, Bibi Mwamvua alimsogelea, akamfuta uso kwa ncha ya gunia, akazidi kumchafua.

"Marehemu anaitwa nani? Tunalia bila jina kama fisi."

"Nyamizi," akasema.

"Nyamizi," tukaitikia sote.

Jina hilo halikuwa limetajwa katika nchi yetu kabla ya siku ile. Wanawake walilichukua, wakalitia katika nyimbo zao za kilio za Kisagara. Walimwimba Nyamizi kama jirani aliyekuwa akiteka maji nao. Kwa muda wote wa matanga walipika pale nje, wakalala pale, wakamtukana mfiwa asubuhi na jioni ili ale. Watu walizungumza ndani ya maktaba. Wengine walichukua vitabu wakasomeana kando ya moto, na madoa ya kunde yako kwenye kurasa hadi leo.

Hata hivyo sitasema kwamba upweke ulimtoka. Nilimwona zaidi ya mara moja akiwa amezungukwa na watu, macho yake yamekwenda upande wa reli iendayo Tabora. Kaburi la mama yake lilikuwa huko, nalo halikuwa limeonwa na mwana. Utani humkalisha mtu miongoni mwa watu, lakini hauwezi kumfikisha mwana mazikoni baada ya mazishi. Hilo alilijua, na nadhani Bibi Mwamvua alilijua zaidi, kwa sababu hakumwuliza hata mara moja kama atakwenda au atabaki.

Ndivyo tulivyofika siku ya kuondoa matanga. Mikeka ilipigwa vumbi, masufuria yakasuguliwa kwa mchanga. Mzee Tomasi aliomba dua, na Mwalimu Nikolaus akasoma Zaburi. Baadaye, kwa uangalifu wa mtu anayevuka daraja bovu, mwenyekiti alisema kwamba kijiji hakimzuii mwalimu. Barua anayo, na nyumbani kwa mtu ni nyumbani. Ila wangependa kujua, ili masanduku yatengenezwe mapema na vitabu visiharibike njiani.

Mwalimu Kornelio alisimama. Alikuwa amevaa shati safi, lakini nyuma ya sikio lake moja palibaki majivu, na hakuna aliyemwambia. Akaitoa barua ya uhamisho mfukoni, akaikunjua, akaikunja tena katika mikunjo yake ileile. Kisha akamgeukia Bibi Mwamvua, aliyekuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mkono, kama mama anayeshika mkono wa mtoto sokoni.

"Mtani," akamwuliza, "ufunguo wangu niukomboe kwa kitu gani?"

"Kwa kitu ambacho huna," akajibu. "Nikiona unacho, nitakwambia."

Watu walicheka kidogo. Mwalimu Kornelio akatugeukia sisi wengine, akasimama wima kama anavyosimama mbele ya darasa, akatutangazia:

"Mkuu wa shule, mwenyekiti, na ninyi nyote. Nitapanda treni ya Alhamisi pale Kilosa, niende Tabora nikamwone mama yangu mahali alipolazwa. Barua hii nitaipitisha wilayani, niirudishe. Masanduku msiyatengeneze. Ufunguo wa maktaba haujakombolewa, na mtu hahami akiacha kitu chake kwa mtani. Utabaki kwa Bibi Mwamvua, naye atafungua kila alasiri, mpaka nitakaporudi kuukomboa."