Mshumaa wa Gitel

Gitel Rozner hakuamini chochote kilichotoka mtandaoni. Juzijuzi tu mtu alimpigia akijifanya wa benki, nusura amkombe akiba yote. Kwa hiyo mwanawe Asaf alipomfungulia video kwenye kompyuta, pale jikoni kwao Haifa, alikunja uso.

"Nimeandika jina la kijiji cha Bibi kwenye hifadhi ya ushuhuda wa walionusurika Wanazi," Asaf alisema. "Huyu alirekodiwa zamani, huko Uruguay. Mnaitwa jina moja."

"Akina Gitel wamejaa tele. Subiri, sasa hivi utasikia habari za mirathi."

Jina hilo lilikuwa la mama yake mkubwa. Kwao, Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mtoto hapewi jina la ndugu aliye hai. Ni kumwitia kifo. Mama yake, Fruma, alimpa kwa kuwa dada huyo alipigwa risasi msituni, na kila mwaka humwashia mshumaa wa marehemu. Sasa Fruma alikuwa chumba cha pili na moyo wake mbovu. Kama huyu ni tapeli, uongo wake ungemmaliza.

Ajuza wa kwenye video aliongea Kiyidishi, lugha ya kwao. Akataja kijiji, akamtaja baba yake, seremala.

"Hayo hata mimi ningeyaokoteza," Gitel alinong'ona.

"Binti yangu nilimwita Fruma," ajuza akaendelea, "jina la mdogo wangu. Nilimwona akianguka."

Gitel akaongeza sauti ya video. Tapeli hambebeshi mwanawe jina la marehemu kwa ajili ya kumtapeli mtu asiyemjua. Huyu alikuwa ameomboleza kweli.

"Nani huyo anaongea kama mama yangu?" Fruma alisimama mlangoni na mkongojo wake. "Zima! Wameshawaingiza mjini." Lakini alisogea, akainamia kioo. "Mwongo mkubwa. Na kidevu cha baba kakitoa wapi?"

Asaf alimtafuta yule binti mtandaoni, akapata namba, akapiga.

"Fruma hapa," sauti ikaitika.

Fruma kikongwe alishtuka kusikia jina lake. "Mwulize mama yake yuko wapi."

Alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita.

Fruma aliketi. 

"Miaka yote hiyo nimemwombolezea mtu aliye hai," alisema. "Mwulize, mjukuu wangu, alikufa tarehe ngapi. Nimwashie mshumaa siku yake."