Mayai Kwenye Ufagio

Namkunda analala bila kukusudia. Ameegemea tu gunia la majani ya mpera nyuma ya banda la wadudu, jua la saa saba linawaka, na hasira imemchosha kuliko kazi. Asubuhi Bwana Shemweta, mwenye banda, kamfukuza Eliaika kwa kufagia mayai ya wadudu-jani, wale wanaofanana na majani, akidhani ni mbegu, mayai ya msimu mzima, yote yakaishia motoni. Eliaika kalia, kaapa kwamba si yeye. Namkunda, aliyefagia, kainamisha kichwa na kunyamaza. Ikifika saa nane Eliaika awe amefungasha na kwenda zake.

Macho yanajifumba, na neti ya banda inafunguka. Ndani hakuna banda, kuna barabara ya kijani inayopinda na kurudi ilikotoka, na kila ikirudi inaukuta mji uleule, nyumba za majani, milango ya majani, na vibarazani watu wenye mishipa ya jani mgongoni na kingo za kahawia kama zimenyauka, na upepo ukipita wanayumba wote pamoja, ukitulia wanatulia, na hakuna hata mmoja mwenye uso. Namkunda anauliza njia ya kutokea. Wanayumba. Anauliza tena, nao wanayumba tena, na damu inamchemka. Waoga wakubwa nyie, anawaambia, mtu anaangamia na nyie mnajifanya majani. Mmoja anajibandua ukutani, mwanamke asiye na uso, anamwashiria amfuate, na barabara inapinda chini ya miguu yao. Maadui zangu hawanioni, anasema yule mwanamke, lakini kila siku naliwa. Nani ananila? Namkunda anafoka kwamba hana muda wa vitendawili, saa nane inafika. Mwanamke anarudia maneno yaleyale. Ndege, anajibu Namkunda. Ndege ananipita, anasema mwanamke. Mjusi. Naye ananipita. Basi sema mwenyewe, nimechoka na mafumbo yako. Mwanamke anageuka, na bega lake limemegwa, na wa jirani yake kamegwa mkono, na aliye nyuma yao anatafuna mgongo wa mwenzake taratibu, wala hana ubaya naye, anadhani ni jani. Tunajificha vizuri mno, anasema mwanamke, hata sisi wenyewe hatujuani. Namkunda anasikia uchungu wa jani bichi mdomoni. Anatema mkononi. Ni kipande cha kanga ya maua mekundu, ya Eliaika, sare waliyonunua pamoja sikukuu iliyopita. Anakitazama, na hasira yote aliyoumwagia mji ule inamrudia mwenyewe, kwa sababu aliyekuwa anatafuna ni yeye.

Anafumbua macho. Gunia, neti, jua. Eliaika anafunga mzigo wake, Bwana Shemweta kasimama mlangoni na wenzao wa kazi wamejipanga wakitazama chini. Namkunda anainuka. Nilifagia mimi, anasema. Hakuna anayegeuka. Upepo hakuna kabisa, lakini wenzake wanayumba, kidogo kushoto, kidogo kulia, na nyuso zao haziwezi kuonekana kwa jinsi walivyoinama. Hajui kama ameamka. Hajui maneno yake ameyasemea upande upi, wa ndoto au wa macho. Basi anamwendea Eliaika, anamshika mkono, na anasema tena kwa sauti ya kufika pande zote mbili: Nilifagia mimi.