Kikombe cha Shemasi Bagula

Jumapili, tarehe 1 Machi 2015, saa tano na dakika arobaini asubuhi, juisi ya zabibu ilimwagika juu ya kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, katika ukumbi uliokodiwa na kanisa la Wakongo huko Newburg, Louisville, Marekani. Aliyeimwaga ni shemasi Bagula, mwenye umri wa miaka arobaini na mitano, aliyefiwa na mke. Wakati wote wa mahubiri mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia pajani. Aliposhika birika ulitulia bado. Ulianza kuyumba ulipovikaribia vikombe vidogo, na kadiri ulivyokaribia ndivyo ulivyozidi, mpaka vikombe sita vikaanguka.

"Shemasi ametokea ku bar mbiyo," mtu wa benchi la pili akasema. Waliomzunguka wakacheka.

Dalili zote walikuwa wamekwisha kuziona. Tangu Krismasi Bagula alitembea miguu ikiwa imetanuka, na maneno yake yalivutika kama ya mtu aliyeshinda kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Baada ya ibada Pasta Cikuru alimwita pembeni.

"Mutumishi, sema tu. Mungu anasamehe."

"Pasta, mimi sinywaka."

"Donc mukono inatetemeka na nini? Na Roho Mutakatifu?"

Akawekwa chini ya nidhamu: benchi la nyuma, bila kushiriki meza ya Bwana, mpaka atakapotubu mbele ya watu.

Adhabu hiyo ilimkuta pabaya. Mtoto wake wa pekee, Grâce, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa ameposwa na Elisée wa Columbus. Birindwa, baba yake Elisée na mzee wa kanisa huko, alituma neno: hawezi kupokea binti kutoka kwa mtu aliyetengwa. Wazee wangekutana nyumbani kwake tarehe 20 Juni. Bagula awe ametubu, au posa ivunjike.

Kwa hiyo Bagula alikwenda hospitali kutafuta karatasi ya kumsafisha. Aprili walimtoa damu na kumpiga picha ya kichwa. Tarehe 26 Mei daktari alimwambia aguse pua yake mwenyewe, kisha kidole cha daktari. Kidole cha Bagula kilitoka puani vizuri, kikaanza kupepesuka njiani, na kikapita lengo mara tatu. Mkalimani wa simu, Mtanzania, alizungumza upesi mno, kisha simu ikakatika. Grâce akaishika kazi hiyo.

"Haiko pombe, papa. Iko ubongo. Ile ya huku nyuma, yenye kuongoza mukono. Inasinyaa. Dawa ya kuponya hakuna."

Daktari aliongeza sentensi ndefu ya Kiingereza, akimtazama Grâce, si mgonjwa. Bagula, aliyehesabu maboksi kwa Kiingereza ghalani miaka minne, alikamata neno moja.

"Fifti ya nini?"

Grâce alifunga zipu ya mkoba wake. "Ya mazoezi, papa. Inaweza kusaidia ao hapana."

Usiku huo Bagula aliipiga picha karatasi ya majibu, akamtumia dada yake mkubwa, Chimène, anayetunza wazee huko Kenmore, nje kidogo ya Buffalo. Chimène alipiga simu siku ya pili.

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Iko ya kurithi. Kila mutoto, nusu kwa nusu, anaipata ao hapana. Baba njo alikuwaka nayo."

"Baba alikunywaka."

"Wewe ulimuona na chupa?"

Bagula alifikiri. Baba yao alifukuzwa kanisani Walungu, kule Kongo, mwaka 1989 kwa ulevi, akazikwa bila wimbo wa kwaya. Chupa hakukumbuka hata moja.

"Grâce anajua?" Chimène akauliza.

"Alitafsiri yeye mwenyewe. Aliniambia mazoezi."

"Mungu wangu. Mutafichana mpaka lini? Bon, Columbus utawaonyesha ile karatasi?"

Bagula alijua wazee huuliza nini kabla ya kupokea binti: je, katika ukoo kuna kifafa, kuna wazimu, kuna ugonjwa wa kurithi? Ukiwapo, wazee hao hushukuru kwa chakula na hawarudi tena. Ulevi hauulizwi, kwa sababu ulevi hutubiwa.

Tarehe 20 Juni Grâce aliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu hadi Columbus. Karatasi ilikuwa katika mfuko wa koti la Bagula.

"Papa, utaonyesha karatasi?"

"Karatasi gani?"

Grâce aliangalia barabara.

Sebuleni kwa Birindwa walikuwa watu kumi na wanne, Pasta Cikuru akiwamo. Bagula alisimama, akashika mgongo wa kiti.

"Nilikunywa," alisema. "Tangu Krismasi. Ninaomba musamaha."

Pasta alimwekea mikono kichwani na kuomba. Wanawake wakapiga vigelegele. Birindwa, amefurahi waziwazi, akajaza Fanta katika glasi mbili, kwa maana baba wawili wakinywa pamoja neno limekwisha.

"Mukwe, chukua. Sasa njo utaizoea hii."

Birindwa alimaliza yake. Bagula aliinua glasi. Iliondoka mezani shwari. Ilipokaribia mdomo mkono ukaanza, Fanta ikalowesha tai.

"Iko inatoka polepole!" Birindwa akasema. "Pombe haitoke mu mwili siku moja!" Wakacheka, bila ubaya.

Grâce aliondoka kati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya baba yake, akaizungushia glasi mikono yote miwili juu ya mkono wa baba, akaifikisha mdomoni. Bagula alikunywa mpaka mwisho. Hakumtazama usoni. Alitazama mikono ya binti yake ikiirudisha glasi, kutoka mdomoni hadi mezani, bila kuyumba, mpaka ikatua palepale ilipotoka.